Damu ya Weldon, Mshipa wa Hillary

Nipeni mkono, vijana. Sio wa kusalimiana. Geuzeni kiganja kiangalie juu, mkunje ngumi, nione mishipa. Nimetoa damu za watu na kuzipima mjini Kericho kwa miaka thelathini na kitu, na mpaka leo nikikutana na mtu sokoni macho yangu yanaenda kwenye kiwiko kabla hayajafika usoni. Mume wangu aliacha kulalamika zamani. Hata kanisani tukipeana mikono ya amani, mimi nawaza kwamba huyu ningemtoboa bila hata kumfunga mpira.

Nimestaafu mwaka jana. Watu wa huku wananiita Mama Achieng', kwa jina la binti yangu wa kwanza. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa wakaja kuchuma majani chai, nami nikazaliwa kambini, nikasoma hapa, nikaolewa hapa. Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja na nusu, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo. Duka lile lilitusaidia sana. Mwanamume akionekana kwenye ngazi alikuwa anasema alikuja kununua dawa ya kupe akakosea mlango. Kwa miaka ile yote sijawahi kuona kupe wengi kama wale.

Nawaandikia kwa sababu mmeanza kunisimamisha njiani. Mnaangalia nyuma, mnaangalia mbele, halafu mnanong'ona, "Mama Achieng', nitajuaje testosteroni yangu iko chini?" Mmeona kwenye simu kijana mwenye kifua kama gunia la viazi, anasema alichoka, akachomwa sindano, sasa anaamka akiimba. Na wengine wenu mmesomea kazi yangu, mnaringa na makoti meupe, mnadhani mashine ndiyo inayopima. Nyote kaeni hapa. Nitawasimulia jinsi nilivyokosea, na nimekosea vizuri kuliko wengi wenu mtakavyowahi.

Jambo la kwanza ni saa. Homoni hii ya kiume hupanda mtu akiwa amelala na huwa juu asubuhi, halafu inashuka taratibu kadiri siku inavyosonga. Ukipima jioni utamkuta mwanamume mzima wa afya anaonekana amepungukiwa. Ndiyo maana tunataka damu mapema, kama saa mbili asubuhi, mtu hajala, wala hana homa. Na majibu yakiwa chini tunarudia siku nyingine, kwa sababu asubuhi moja haitoshi kumhukumu mtu.

Sasa, Wakipsigis, wenyeji wa huku, ni watu wanaojua saa. Mtoto akizaliwa alfajiri ni Kipkoech au Chepkoech, akizaliwa usiku ni Kipkemoi, akizaliwa mbuzi wakirudi nyumbani jioni ni Kiprono. Saa wameibeba kwenye majina. Lakini mwambie Kiprono aje kupimwa saa mbili bila kula. Atakuja saa tisa mchana, ametoka kupeleka majani senta, ameshiba ugali na mursik, yale maziwa ya kibuyu, na atakuambia kwa moyo safi, "Mama, si ni damu ile ile?"

Aliyenifundisha saa ni Mzee Barnaba, mkuu wangu wa kwanza. Alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye kalamu nne mfukoni na hakumwazima mtu hata moja. Ukisahau kuandika saa kwenye chupa ya damu alikugonga kidole kwa kalamu. Wakati ule hatukuwa na mashine ya homoni. Damu tuliipakia kwenye sanduku la barafu, tukaikabidhi kwa dereva wa basi la Nairobi, na majibu yalirudi baada ya wiki mbili, mgonjwa ameshaoa au ameshaachwa. Siku moja sanduku lilirudi likiwa na samaki. Hatukuwahi kujua nani alifungua chakula cha mchana akitarajia tilapia akakuta damu ya mwalimu mkuu.

Baadaye mashine ikaja. Ni kubwa kama friza ya bucha, inanguruma, na pembeni ya kila namba inaandika herufi: L kama iko chini ya kiwango, H kama iko juu. Herufi hizo mbili zimeharibu usingizi wa wanaume wengi kuliko kunguni.

Weldon alikuwa mmoja wao. Hilo si jina lake, na wengine pia nimewabadilisha majina, ingawa wenyewe waliniruhusu nisimulie na mmoja aliniomba nimwongezee urefu kidogo. Weldon alikuwa kijana wa miaka kama thelathini na moja, mpole, anafanya kazi kiwandani kwenye mashine ya kukausha chai, zamu ya usiku. Alikuwa ameoa miaka miwili na nusu. Mkewe, Chelangat, ni mwalimu wa shule ya msingi, na hawakuwa wamepata mtoto. Chelangat alikuwa ameshapimwa, akaambiwa yuko sawa. Mama yake Weldon hakuamini karatasi ya hospitali. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa akimwangalia mkaza mwana tumboni kabla ya kumsalimia, na Jumapili moja akasema mbele ya wageni kwamba kuna miti inayopewa mbolea bure. Weldon aliniambia haya huku akiangalia viatu vyake. Alitaka mtoto, na alitaka hayo maneno yaishe.

Alikuja saa mbili asubuhi kamili. Amevaa gambuti, na unga wa chai umemkaa kwenye nyusi. Nilifurahi kama mtu aliyeletewa zawadi. Hatimaye, mwanamume anayefuata saa! Nikaandika saa kwa herufi kubwa, Mzee Barnaba angelia machozi. Nikatafuta mshipa mkono wa kushoto, hakuna. Nikapapasa, nikapiga piga, nikambembeleza, hakuna. Kulia nikapata mmoja mdogo, umejificha kando upande wa kidole gumba. Nikautoa damu kwa sindano ndogo ya watoto.

Nilikuwa na daftari langu, la kwangu mwenyewe, sio la kazi, ambamo nilikuwa naandika mikono ya watu. Mkisha kuwa na wagonjwa wanaorudi rudi mtajua faida yake. Nikaandika: "W. Kushoto hakuna. Kulia, upande wa kidole gumba, sindano ndogo." Nikafunga.

Kosa langu la kwanza mmeliona? Kama hamjaliona, vueni hayo makoti. Mtu huyu alikuwa ametoka zamu ya usiku. Saa ilikuwa ya asubuhi kwangu mimi na kwa jua, lakini mwili wake ulikuwa haujalala. Homoni inayopanda usingizini ingepanda lini, wakati yeye alikuwa anasukuma toroli la majani? Niliangalia saa ya ukutani na sikumwuliza swali moja dogo: umelala?

Majibu yakatoka na L. Bahasha ilikuwa ya daktari, lakini Weldon aliifungua kwenye ngazi, kama wote wanavyofanya. Akarudi juu, karatasi mkononi.

"Mama, hii L ni mimi?"

"Ni namba, mwanangu. Inasema iko chini kidogo. Mpelekee daktari."

"Kwa hivyo shida ni mimi. Sio Chelangat."

"Mpelekee daktari, nimesema."

Daktari, msichana mwerevu wa kliniki ya jirani, hakumpa dawa yoyote. Aliandika arudie asubuhi nyingine, na safari hii tupime na zile homoni mbili za LH na FSH, ambazo hutoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo. Akamwambia apumzike kwanza. Weldon alisikia neno "rudia" tu, hilo la kupumzika likapita.

Baada ya siku tisa, saa mbili kasoro, foleni imefika mpaka kwenye ngazi. Nikaita, "Weldon!" Akaingia mwanamume mwenye kofia ya sufu, akakaa, akakunja mkono wa shati mwenyewe.

"Wewe ni Weldon?" nikauliza, macho yangu yako kwenye kiwiko.

"Ndio sisi, mama."

Vijana, sikilizeni hapa. Usimwulize mgonjwa kamwe, "Wewe ni fulani?" Mtu akiwa na homa, au hasikii vizuri, au ana haraka, au ana lake moyoni, atakubali tu. Mwambie, "Taja majina yako yote na siku uliyozaliwa," halafu nyamaza usubiri. Mimi niliwafundisha hayo wanafunzi wengi. Siku ile nilikuwa nimependa mshipa. Ulikuwa mkono wa kushoto, umenyooka, mnene, ungeutoboa ukiwa umefumba macho. Chupa ikajaa kabla sijamaliza kupumua. Hata lile "sisi" lilinipita sikioni bila kugonga mlango.

Mchana mashine ikatoa majibu. Testosteroni, H, tena ya kupita kiasi, namba ambayo nilikuwa sijaiona kwa mwanamume wala kwa fahali. LH na FSH zilikuwa chini sana hata mashine ilishindwa kuzihesabu, ikaandika tu kwamba ni ndogo kuliko inavyoweza kupima.

Nilikaa chini. Kwanza nilishuku mashine, nikapima sampuli za majaribio ambazo majibu yake tunayajua. Zikatoka sawasawa. Nikapima damu ile tena. Yale yale.

Acha niwaeleze picha hii, kwa sababu ndiyo mnayohitaji kuielewa kabla ya mtu kuwashikia sindano. Fikirieni kiwanda cha chai. Meneja anakaa ofisini, akiona majani yamepungua anapiga simu shambani: chumeni. Wachumaji wanachuma. Majani yakitosha, anaacha kupiga simu. Ile tezi ya kichwani ndiyo meneja, LH na FSH ndizo simu zake, na korodani ndilo shamba. Ukikuta majani machache na simu nyingi, meneja anapiga kelele, shamba halijibu, shida iko shambani. Ukikuta majani machache na simu pia chache, meneja amesinzia: labda mtu hajalala, au anaumwa, au anakunywa sana, au anatumia dawa fulani, au tezi yenyewe ina matatizo ya kuchunguzwa. Lakini ukikuta majani yamejaa mpaka dari na simu haijapigwa hata moja, basi kuna lori limeleta majani kutoka nje. Mtu huyo anajichoma.

Na hapa ndipo uchungu ulipo. Meneja asipopiga simu, shamba linafungwa. Wachumaji wanaenda nyumbani. Mbegu za kiume zinapungua, na kwa wengine zinaisha kabisa. Mtu anatafuta mtoto, anachomwa kitu kinachoitwa nguvu za kiume, na kitu hicho ndicho kinachomnyima mtoto. Nilimfikiria Weldon na unga wake wa chai kwenye nyusi.

Sikumwita mara moja. Kuna kitu kingine kinaweza kutoa picha kama ile bila hatia: vidonge vya kuotesha nywele na kucha. Vina vitamini ambayo huchanganya mashine za aina fulani, inapandisha namba moja na kushusha nyingine, mtu mwema anaonekana mwizi. Niliwahi kumkemea kijana wa benki dakika kumi nzima kabla hajafungua begi kunionyesha vidonge vya nywele. Tangu siku hiyo nauliza kwanza. Kwa hiyo nikachukua daftari langu nitafute kama niliwahi kuandika lolote kuhusu W. na vidonge.

Ukurasa mmoja: "W. Kushoto hakuna. Kulia, upande wa kidole gumba, sindano ndogo."

Ukurasa wa tatu kutoka hapo, wa siku ile ya foleni, mwandiko wangu mimi mwenyewe: "W. Kushoto, bomba la maziwa."

Mtu anaweza kuota ndevu kwa siku tisa. Anaweza kuota kitambi. Haoti mshipa.

Nikampigia Weldon simu. Nikasema majibu yapo lakini yana swali, aje yeye mwenyewe, na aje na yule rafiki yake. "Rafiki gani, mama?" Nikasema yule mwenye kofia ya sufu.

Walikuja kesho yake. Yule wa kofia aliitwa Hillary, mfanyabiashara wa maziwa wa Sosiot, baba wa watoto wanne, kifua mbele, sauti inafika kabla yake. Nikafunga mlango.

"Wekeni mikono mezani."

"Yote, mama?"

"Yote minne."

Wakaiweka. Nikavaa miwani nikaipitia polepole, mmoja mmoja, kama mnunuzi wa ndama mnadani. Mkono wa kushoto wa Hillary ulikuwa pale, bomba lake limelala, na alama ya sindano yangu juu yake.

"Huyu ni Weldon?" nikauliza, nikigonga mshipa kwa kalamu.

Wakaangaliana. Hillary ndiye alijibu. "Mama, usikasirike. Huyu ni bakule wangu. Tulitahiriwa siku moja, tukakaa ndani pamoja, tulikula bakuli moja. Yeye akiwa na mambo, mimi naenda. Mimi nikiwa na mambo, yeye anaenda. Siku hiyo ametoka zamu amechoka, na alikuwa anaogopa hiyo L irudi. Nikamwambia, lala, mimi naenda. Kwani si sisi ni kitu kimoja?"

"Hata kortini ulimwendea?"

"Aa, hapana. Huko wanauliza ID."

Hilo liliniuma, sifichi. Niliishi na watu hawa maisha yangu yote, nimekunywa maziwa yao, najua kwamba bakule hakatai wala hakataliwi, lakini sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuazima damu kama anavyoazima panga. Na korti inauliza kitambulisho. Mimi niliuliza mshipa.

Nikamwambia Weldon atoke nje, maana majibu yale yalikuwa ya mwili wa mwingine. Hillary akakataa. "Mwache. Huyu hana kitu asichojua kwangu."

"Una hakika?"

"Kabisa."

"Haya. Vua kofia."

Akavua. Kichwa kinang'aa kama sufuria mpya. Nikasema vidonge vya nywele basi hatutumii. Hakuelewa, lakini Weldon alicheka, na nikashukuru kwamba bado anaweza kucheka. Kisha nikawaeleza habari ya kiwanda, meneja, simu na lori, kama nilivyowaeleza nyinyi. Nilipofika kwenye lori Hillary aliacha kunitazama. Akaanza kutazama bango la minyoo ukutani.

"Lori limetoka wapi, Hillary?"

"Ni vitamini tu, mama. Kuna jamaa wa jimu hapa tao. Anasema ni ya energy."

"Unaichoma tangu lini?"

"Kama miezi saba hivi. Nilikuwa nachoka. Na ukivuka hiyo thelathini..." Akaonyesha tumbo, ambalo halikuwepo. "Iko tu kwa cooler ya maziwa, Sosiot. Chanjo ya ng'ombe si hukaa kwa baridi?"

Weldon alikuwa amegeuka kabisa kwenye kiti. "Bakule. Hiyo ndiyo ulisema utanipatia?"

"Utampatia lini?" nikauliza mimi.

"Jumamosi," akasema Hillary. "Nilikuwa nimchome Jumamosi. Nilimwekea chupa mbili. Mama, nilitaka kumsaidia! Mimi niko na watoto wanne, nikaona hiyo kitu haiwezi kuwa mbaya."

Watoto wanne walizaliwa kabla ya chupa ya kwanza. Nilimwambia hivyo. Nilikasirika kuliko siku yoyote ya kazi yangu. Ilikuwa Alhamisi. Siku mbili tu, na kwa upendo mtupu, mtu huyu angemfungia mwenzake shamba, huku mama mkwe akiendelea kumhesabia Chelangat miezi. Nikawaambia wote wawili maneno ambayo siyaandiki hapa kwa sababu mchungaji wangu anasoma.

Hillary alikunja kofia yake mapajani, akaikunjua, akaikunja tena. Halafu akamwambia Weldon kwa Kikipsigis, polepole, jambo ambalo nililielewa: kwamba angemchoma kwa mkono wake mwenyewe. Weldon akamwekea mkono begani. Mimi nikajifanya natafuta kalamu.

Mambo mengine yalienda kwa daktari, ndiko yanakostahili. Damu ya Hillary ilikuwa imeanza kuwa nzito, chembe nyekundu zimezidi, hiyo nayo ni kazi ya sindano zile, na mtu anaweza kupooza kwa sababu yake. Daktari alimsimamia akaacha. Msidhani ukiacha leo shamba linafunguliwa kesho. Kwa miezi mingi Hillary alikuwa mnyonge, amenuna, anauza maziwa bila kupiga kelele mpaka wateja wakauliza kama amefiwa. LH yake ilirudi kidogo kidogo. Siku ile mashine ilipoweza kuisoma tena, aliomba karatasi akaikunja akaiweka kwenye Biblia yake.

Weldon aliandikiwa mapumziko. Akalala wiki mbili usiku, kama binadamu. Aliporudi kupimwa alikuja na mkewe, na kabla sijafungua mdomo Chelangat akasema, "Madam, huyu ndiye. Namjua." Nikamwambia hata hivyo ataje majina yake yote na siku aliyozaliwa. Akataja. Kushoto hakuna, kulia upande wa kidole gumba. Majibu hayakuwa na herufi yoyote pembeni. Baada ya wiki tukarudia, hayakuwa nayo tena. Meneja anapiga simu, shamba linajibu.

"Sasa mtoto ako wapi?" Weldon akauliza.

Daktari ndiye aliyeuliza swali ambalo sisi wote tulipaswa kuuliza mwanzo. Nyinyi wawili mnaonana saa ngapi? Wakafikiri. Weldon anatoka nyumbani saa kumi na moja jioni. Chelangat anarudi kutoka shuleni kumi na moja na nusu, anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Weldon anafika saa mbili na nusu. Jumamosi na likizo Chelangat ana masomo ya ziada. Walikuwa wanaonana Jumapili, siku ambayo wanaenda kanisani na kula kwa mama mkwe. Miaka miwili na nusu tunapima homoni na mayai, na hawa wanapishana kwenye lango kama walinzi! Daktari alinisimulia akiwa amejishika mbavu. Mtoto haletwi na karatasi ya maabara, akasema, na akaandika barua kwa kiwanda ili Weldon apewe zamu ya mchana.

Kwa hiyo, kijana, ukitaka kujua homoni yako, nenda ukiwa umelala, asubuhi, na tumbo tupu, mara mbili. Sema dawa zote unazomeza, hata zile za nywele, hata ile uliyopewa na jamaa wa jimu. Mwache daktari aangalie meneja na shamba pamoja. Herufi moja pembeni ya namba haijui kama una mke anayefundisha mchana. Nanyi wa makoti meupe, ulizeni majina, na mkishauliza, inueni macho.

Siku yangu ya mwisho kazini walinikatia keki. Nikiwa bado na sukari midomoni, ngazi zikalia. Akaingia Hillary kwanza, kifua mbele kidogo kuliko zamani, amebeba mtoto wa miezi kumi aliyefunikwa blanketi. Nyuma yake Weldon na Chelangat, wamebeba mifuko. Mtoto alikuwa na homa, daktari anataka hesabu ya damu.

"Wewe ndiye baba?" nikamwuliza Hillary, kwa uchokozi tu.

"Ndio sisi, mama," akasema, na Weldon akasema hivyo hivyo, kwa wakati mmoja.

Chelangat aliwatazama wote wawili kama mwalimu anavyotazama dawati la nyuma. Nikamlaza mtoto. Nikanyoosha mkono wake wa kushoto, mnene kama mkate, nikatafuta. Hakuna. Nikapapasa, nikambembeleza, hakuna kabisa. Nikachukua wa kulia. Ulikuwepo pale kando, mwembamba, umejificha upande wa kidole gumba.

Macho yangu yakajaa, ikabidi nisubiri kidogo kabla ya kushika sindano. Nilikuwa najua huyu ni wa nani kuliko karatasi yoyote inavyoweza kusema. Nikamgeukia Chelangat, nikainua macho yangu hadi usoni kwake.

"Taja majina yake yote," nikasema, "na siku aliyozaliwa."

"Chepkoech," akasema, na akaniambia siku. "Na saa pia, madam, kama unataka kuandika. Alfajiri."